Shule za Jumamosi: Kipolandi Kilichozoea Kuishi Bila Dola

Shule za Jumamosi za Wapolandi walioko ughaibuni huelezwa mara nyingi kuwa zao la hamu ya nyumbani. Maelezo hayo hayatoshi. Watu wa mataifa mengi wamehama na hamu hiyohiyo, na wajukuu wao leo hawawezi hata kusalimia kwa lugha ya babu zao. Wapolandi walisafiri na kitu cha ziada, nacho ni uzoefu wa kumfundisha mtoto lugha pasipo msaada wa dola, na mara nyingine dola yenyewe ikipinga. Kati ya mwaka 1795 na 1918 nchi yao haikuwapo kwenye ramani. Urusi, Prusia na Austria zilikuwa zimegawana ardhi yake. Upande wa Urusi, baada ya uasi wa 1863 kuzimwa, Kipolandi kiliondolewa shuleni hatua kwa hatua. Wasichana wa Warsaw, akiwemo Maria Skłodowska ambaye dunia ilikuja kumjua kama Marie Curie, wakawa wanasoma kwa siri katika chuo kilichohama nyumba hadi nyumba kikiwakwepa polisi. Upande wa Prusia, mwaka 1901 katika mji wa Września, watoto walichapwa kwa kukataa kujibu somo la dini kwa Kijerumani, na watu wazima waliokwenda shuleni kulalamika wakashtakiwa na kufungwa. Jamii iliyopita katika tanuri hilo haikuwa na sababu ya kusubiri wizara.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na utawala wa Stalin mwaka 1940 na 1941 walipoachiwa, maelfu walivuka hadi Iran, na takriban 18,000, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki na ya Kusini: Tengeru karibu na Arusha, Ifunda, Kidugala, Masindi na Koja kule Uganda, na kwingineko. Tengeru peke yake ilipokea watu wapatao 5,000, nayo ikawa na shule za msingi, sekondari na za ufundi. Vitabu vya kiada vilichapwa Jerusalem, wanajeshi wao walikokuwa na mitambo ya uchapaji. Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, lakini masomo kambini hayakukoma. Familia nyingi za kambi hizi baadaye ziliwafuata waume na baba zao Uingereza, na sensa ya 1951 ikahesabu huko watu wapatao 162,000 waliozaliwa Poland. Watoto wakaingia shule za Kiingereza Jumatatu hadi Ijumaa. Iliyobaki ni Jumamosi. Mwaka 1953 London ikapata Polska Macierz Szkolna, chombo cha kuratibu shule hizo, na jina lenyewe lilirithiwa kutoka chama cha elimu cha Warsaw kilichofungwa na serikali ya Urusi mwaka 1907. Urithi huo ninaousema waanzilishi wenyewe waliuandika mlangoni.

Ndani ya shule hizi utaratibu haujabadilika sana. Asubuhi moja kwa wiki, katika ukumbi wa parokia au madarasa ya kukodi, watoto hujifunza kusoma na kuandika Kipolandi, historia na jiografia ya Poland, na mara nyingi dini. Mwanafunzi wa darasa la kwanza hupokelewa rasmi kwa kuguswa begani na penseli kubwa kupindukia, kama shujaa anayevishwa cheo, wazazi wakishuhudia. Wazazi haohao ndio hulipa ada, hushika zamu za ulinzi na kupanga viti.

Wapo wasemao saa chache kwa wiki haziwezi kuokoa lugha. Ni kweli, kama nyumbani haizungumzwi. Lakini nyumba humpa mtoto maneno ya jikoni na ya kugombezwa. Kuandika insha na kusoma riwaya hakuji kwa kusikia tu, na mtoto akikutana na wenzake wanaosema kama mama yake, lugha huacha kuwa ya wazazi peke yao. Pingamizi zito zaidi ni kwamba shule hizi humchelewesha mtoto kuzoea nchi anakoishi. Hapa lazima tukiri kwamba kizazi cha vita kilifundisha Poland iliyokuwa imetoweka, na baadhi ya watoto waliona mzigo huo ni wa wazee. Hata hivyo, watoto hao waliendelea kukaa katika shule za Kiingereza siku tano kila wiki. Jumamosi haikuwatoa humo. Wimbi la wahamiaji lililofuata Poland kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004 lilijaza madarasa upya, na sensa ya 2011 ikaonyesha watu 546,000 wa England na Wales wakitaja Kipolandi kuwa lugha yao kuu. Baadhi ya wanafunzi wa shule hizi hufanya mtihani wa Kipolandi katika mfumo wa Uingereza na matokeo yake huhesabiwa wanapoomba vyuo vikuu. Mwaka 2015 bodi ya mitihani ya AQA ilipotangaza kuufuta mtihani huo wa ngazi ya juu, wazazi, walimu na wanafunzi walipinga. Uamuzi ukabatilishwa, na mtihani ukabaki.