Fonti Yangu Ilitoka kwa Leso ya Nyanya

Watu wananiuliza hii fonti mpya nimeitoa wapi. Wengi wanadhani ni matatu. Hapana wasee, ni leso.

Leso ina pindo, mji na jina. Jina ni yale maandishi ya chini, herufi kubwa tupu, zimebanwa kwa kisanduku ili maneno yote yaingie. Ndio maana herufi zangu ni nene na zimesongamana. A pekee ilinichukua wiki mbili, maana Kiswahili bila A hakiendi popote.

Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla", anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha majina haya mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nyanya alinitolea moja sandukuni, ya marehemu mamake, akaisoma papo hapo. Mimi mchoraji wa herufi, niliyekulia Nairobi, nikabaki kuangalia tu.

"Kwani wewe ulisomea nini?"

Kwa hivyo fonti niliyotoa ni nusu bana. Ile nusu ingine ananifundisha kila Jumamosi kwa simu, alifu, be, te, na ananigombeza vibaya.