Daftari la Safari Zetu

Katika milima ya Wanande, mashariki mwa Kongo, serikali ilitaka kujua mtu yuko wapi tangu zamani sana, kabla simu haijafika. Amri ya Wabelgiji ya Desemba 5, 1933 ilimkataza mwenyeji kutoka katika eneo la chifu wake zaidi ya siku 30 bila pasi. Kabla yake kulikuwa na pasi ya afya, iliyowekwa kuzuia malale. Sababu yake ilikuwa ya kweli, maana malale yaliua. Lakini dola iliyopapasa shingo za watu kutafuta ugonjwa ndiyo hiyo hiyo iliyodai kodi na kusaka vibarua, wala hapakuwa na ukuta kati ya karatasi ya daktari na daftari la kodi. Hoja yangu inaanzia hapo: habari za mahali mtu alipo hazikai katika kazi iliyozikusanya.

Agosti 1, 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, ikaenea Beni na Butembo. Hadi Juni 25, 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kila aliyejulikana kumgusa mgonjwa aliandikwa, akafuatwa siku 21: analala wapi, anasali wapi, ametembelea nani. Atakayesema kwamba bila orodha hizo wangekufa wengi zaidi anasema kweli, nami sibishani naye. Ila ziliandikwa katika nchi ambako raia wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014, na Desemba 2018 ugonjwa ulitajwa kuwa sababu mojawapo ya kuwaondoa watu wa Beni na Butembo katika kura ya rais. Wengi waliihesabu riposti, yaani timu za kupambana na Ebola, kuwa mkono wa wakubwa; wengine wakajificha, na baadhi yao wakawaambukiza ndugu zao. Hofu ya daftari nayo iliua.

Daftari la riposti angalau lilikuwa na siku ya mwisho. Programu nyingi za simu huandika mahali mtu alipo bila kikomo, na kampuni zisizojulikana huuziana habari hizo. Januari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliizuia kampuni ya X-Mode kuuza habari za watu waliofika mahali nyeti kama kliniki. Wauzaji hujitetea kwamba jina halimo. Lakini nukta kwenye ramani inayolala nyumba moja pale Mususa, Butembo, kila usiku, na alfajiri ikashika njia ya shamba lile lile, jirani yeyote ataitaja kwa jina. Na huko Beni, kwenye njia ya shamba ndiko watu wanakoviziwa.