Picha ya Moyo Bila Dawa: Figo Zilivyobadilisha Historia ya Tiba ya Vali

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Daktari anayebadilisha vali ya moyo bila kupasua kifua analihitaji sana neno hilo, kwa kuwa hapaoni kwa macho mahali anapofanyia kazi. Anategemea picha iliyopigwa kabla. Insha hii inaeleza jinsi picha hiyo ilivyobadilika tangu mwaka 2002, na inadai kwamba mabadiliko hayo yalisukumwa na figo za mgonjwa kama yalivyosukumwa na moyo wake.

Vali ya aota ni mlango ambao damu hupitia kutoka moyoni kwenda mwilini. Uzeeni mlango huu huweza kujaa kalsiamu, ukakakamaa na kushindwa kufunguka vizuri. Kwa miaka mingi, kuubadilisha kulimaanisha kupasua kifua: daktari aliipima nafasi ya vali kwa mkono wake, kisha akachagua vali inayoenea. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Alain Cribier na wenzake walimwekea vali mpya mgonjwa mahututi wa miaka 57 kwa kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mguuni.

Njia hiyo ilipoenea, kipimo kikawa tatizo. Vali ikiwa ndogo, damu huvuja pembeni yake. Ikiwa kubwa mno, huweza kupasua mzizi wa aota. Tofauti yenyewe ni milimita chache. Mashine ya CT ikapendwa kwa sababu ilionyesha wazi kwamba pete ya vali si duara kamili, bali ina umbo la yai. Hata hivyo, ili mishipa ionekane vizuri, mgonjwa hudungwa dawa yenye iodini. Wengi wanaohitaji vali hii ni wazee, na figo za baadhi yao zimechoka tayari. Dawa iliyomsaidia daktari kuona moyo iliweza kuzidhoofisha figo hizo zaidi.

Kimbilio lilionekana kuwa MRI. Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, si eksirei. Lakini nayo ilikuwa na dawa yake, gadolini. Mwaka 2006 madaktari waliihusisha dawa hiyo na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu wenye figo zilizoshindwa kazi. Aina mpya za gadolini zina hatari ndogo zaidi, lakini funzo lilibaki: waliokimbia iodini kwa sababu ya figo walikutana na onyo jingine la figo.

Ndipo thamani ya MRI isiyo na dawa inapoeleweka. Mashine hufuata mapigo ya moyo na pumzi ya mgonjwa, na kwa mpangilio maalumu wa mawimbi, damu yenyewe hung'aa pichani. Pete ya vali hupimwa bila kudunga chochote. Mwaka 2023 watafiti wa Austria, walioandikisha wagonjwa 380, walionyesha kwamba kupanga tiba hii kwa MRI hakukuwa na matokeo duni kuliko kuipanga kwa CT. Kasoro zipo: kalsiamu haionekani vizuri kama katika CT, na kipimo huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa kuhitimisha, ni rahisi kuisimulia historia ya tiba kama msafara wa mashine, kila moja bora kuliko iliyotangulia. Historia hii inakataa usimulizi huo. Hapa hatua mbele ilikuwa kuondoa kitu, na walioilazimisha ni wagonjwa dhaifu kuliko wote, ambao miili yao haikuweza kulipa gharama ya picha nzuri. Mwanahistoria wa tiba anayetazama mashine peke yake atawakosa watu hao.