Nyumba iliyohama

Bayleaf ni nyumba ya wakulima wa Kent, Uingereza, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 15. Fremu yake ni miti ya mwaloni iliyoshikwa kwa vigingi vya mbao. Kuta zake ni fito na udongo, kitu tunachokijua vizuri. Katikati palikuwa na ukumbi ulio wazi mpaka kwenye paa. Moto uliwaka sakafuni, moshi ukajitafutia njia juu. Madirisha hayakuwa na vioo.

Mwanzoni mwa karne ya 16 wakaongeza upande wa vyumba vya wenye nyumba. Baadaye ikaja dohani ya matofali, na ukumbi ukawekewa ghorofa. Nani anapenda kukohoa usiku kucha?

Kisha bonde lao likatakiwa kwa bwawa la maji la Bough Beech. Mwaka 1968 hadi 1969 nyumba ikafunguliwa mti kwa mti, ikapelekwa Singleton, Sussex, ikasimamishwa tena kwenye makumbusho ya majengo.

Hapo ndo penye swali: wasimamishe nyumba ipi? Walichagua sura ya karibu 1540. Dohani haikurudi. Mgeni anauona ukumbi wa moto, haoni kazi ya waliouondoa moshi.

Na sisi tuliohama hukumbuka nyumbani kwa sura moja tu, ya siku moja. Basi wazee wakisimulia, tuwaulize pia: bati mliezeka lini? Jiko mlilihamisha kwa nini?