Kutoka Manamba hadi Barua Pepe: Historia Fupi ya Anwani ya Mtafuta Kazi

Kila nafasi za kazi zinapotangazwa, vijana wetu hupewa nasaha zilezile: andika wasifu mfupi, hakiki vyeti vyako, tumia anwani ya barua pepe yenye staha. Nasaha hiyo ya mwisho hutolewa kana kwamba ni jambo la adabu tu, sawa na kuchomekea shati siku ya usaili. Nia ya makala haya ni kuonesha kwamba jambo hilo lina historia, na kwamba historia hiyo inahusu mamlaka. Kwa muda mrefu katika nchi hii, mtafuta kazi hakuwa na uwezo wa kuamua aitwe nani na atafutwe wapi. Waliamua wengine. Leo anaweza kuamua mwenyewe, na ni vema ajue thamani ya alichokipata.

Tuitazame historia hiyo kutokea Mahongole, kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji Makambako, mkoani Njombe. Kabla ya mkoa huu kuanzishwa mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Wakati wa utawala wa Waingereza, Wilaya ya Njombe ilijulikana kwa kutoa wafanyakazi kuliko kutoa mazao. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, ilhali mazao ya kuuza yalikuwa machache na masoko yalikuwa mbali. Wanaume wengi wa Ubena walilazimika kuzifuata fedha hizo kwenye mashamba ya mkonge, hadi Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya nguvukazi, SILABU, kilichowaandikisha vijana katika wilaya za mbali, Njombe ikiwemo, na kuwasafirisha hadi mashambani.

Kijana aliyeandikishwa hivyo aliitwa manamba, na neno lenyewe latokana na namba aliyopewa. Nyumbani alikuwa mwana wa fulani, wa ukoo fulani. Njiani akawa namba. Akifika shambani alipewa kipande, kadi iliyohesabu siku zake za kazi, na mshahara ulitoka siku 30 zilipokamilika. Nchini Kenya kipande kilikuwa kikali zaidi. Tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alitakiwa kukibeba kila aendako, kikiwa na alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijikasha cha chuma. Kwa lugha ya leo tungesema kipande kilikuwa wasifu wa mfanyakazi. Lakini ni wasifu ulioandikwa na mwajiri, na mwenyewe hakuweza kuongeza wala kupunguza neno.

Posta nayo ilikuwapo. Wajerumani walifungua vituo vya kwanza vya posta vya koloni lao huko Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na Waingereza wakaupanua mtandao huo baadaye. Lakini posta hiyo haikumfuata mwanakijiji nyumbani. Barua iliishia kwenye sanduku lenye namba na ufunguo, nalo sanduku lilikodiwa kwa ada. Waliokuwa nalo ni boma, misheni, shule, mwenye duka, na baadaye chama cha ushirika. Kwa hiyo anwani ya mwanakijiji ikawa anwani ya taasisi: jina lake, kisha maneno “kupitia kwa”, kisha mwalimu mkuu, padri, mchungaji au mwenye duka, na mwisho S.L.P. yenye namba isiyo yake.

Uhuru ulibadili mengi, lakini hilo lilichelewa kubadilika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, pamoja na barabara kuu iendayo Zambia, viliifanya Makambako kuwa njiapanda ya Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo msafiri wa Mbeya huagana na msafiri wa Njombe na Songea. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, likazaliwa la Tanzania; mwaka 1994 posta na simu zikatenganishwa. Mashirika yalibadilika, ufunguo ukabaki mikononi mwa walewale.

Mfumo huo ulikuwa na wema wake. Mwalimu alisoma majina ya waliopata barua mbele ya paredi, mchungaji aliyasoma baada ya ibada, na barua ikamfikia mwenyewe kwa kuaminiana. Ulikuwa pia na hatari zake. Barua ya kuitwa kwenye usaili ilipita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia aliyeandikiwa. Ikilala mezani kwa mwenye ufunguo, siku ya usaili ilipita. Na aliyekosana na mwenye sanduku alikuwa amekosana na posta nzima.

Ndipo ikaja barua pepe. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao, akaichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine anakopatikana. Kwa miaka mingi iliyofuata, anwani ya namna hiyo kwa kawaida ilitolewa na chuo kikuu, kampuni au ofisi ya serikali, kwa hiyo bado ilikuwa “kupitia kwa”. Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1996, Hotmail ilipomruhusu mtu yeyote kujifungulia anwani bila malipo. Yahoo ilifuata mwaka 1997 na Gmail mwaka 2004. Mtu asiye na mwajiri, asiyelipa ada ya sanduku na asiyemtegemea mwenye ufunguo, sasa aliweza kuwa na sanduku lake na kujichagulia jina.

Haishangazi kwamba wengi walijichagulia majina kwa furaha. Katika vibanda vya intaneti vya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye kwenye simu, vijana walijiita kwa majina ya wachezaji na wasanii. Wakajiita watoto wa mjini, masharobaro, warembo. Wapo wasomi wanaowacheka. Mimi siwacheki. Watu ambao babu zao waliitwa kwa namba walipopata nafasi ya kujiita, walijiita wapendavyo. Jina la utani lina heshima yake kijiweni na uwanjani, kwa kuwa waliopo wanajua lilikotoka. Afisa anayepitia maombi hajui. Kwake jina hilo limefika peke yake, bila kisa chake.

Tena halisomwi bila hukumu. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walionesha kwamba watu huunda picha ya tabia ya mtu wasiyemfahamu kwa kuitazama anwani yake ya barua pepe tu, na picha hizo hufanana. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi waliwapa wataalamu wa ajira wasifu wa waombaji wautathmini, na wakaona kwamba anwani isiyo rasmi ilimshusha mwombaji karibu sawa na makosa ya tahajia. Hukumu hiyo huchukua sekunde chache, na mwombaji hasimuliwi kamwe.

Kwetu ipo sababu nzito zaidi, nayo ni nyaraka. Mwombaji wa kazi serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yake huingia katika mfumo wa kielektroniki pamoja na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho, hudaiwa hati ya kisheria ya kubadili jina. Anwani ya barua pepe si ushahidi wa aina hiyo, lakini ikifuata majina yaleyale yaliyo kwenye vyeti humwondolea msomaji shaka, na humrahisishia kuitafuta anapotaka kukuandikia.

Mila yetu ya majina inatosha kulitatua jambo hili. Mtanzania ana jina lake, jina la baba, na jina la babu au la ukoo. Ukikuta jina la kwanza na la ukoo limekwisha kuchukuliwa, ongeza la baba, au herufi yake ya kwanza. Hilo ni bora kuliko kubandika mwaka wa kuzaliwa, unaoutangaza umri wako kwa mtu ambaye hajauuliza, na bora kuliko tarakimu zisizo na maana yoyote. Tukiwa na uhuru wa kuandika majina, hatuna haja ya kujirudisha wenyewe kwenye namba. Epuka mstari wa chini, kwa kuwa hupotea anwani inapoandikwa kwa mkono juu ya mstari wa karatasi. Epuka pia sufuri, inayofanana na herufi O. Kipimo ni chepesi: mtajie mtu mzima anwani yako kwa simu mara moja. Akiiandika bila kuuliza, inafaa.

Hata hivyo, jina zuri ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni ufunguo. Katika miji yetu midogo, kijana asiye na simu janja huenda steshenari na kuomba afunguliwe barua pepe ili maombi yatumwe kabla ya siku ya mwisho. Anayemhudumia, aghalabu kwa nia njema, huandika jina lolote linalokubaliwa haraka, hutunga nywila yeye mwenyewe, na huweka namba yake ya simu iwe ya kurejeshea akaunti. Miezi kadhaa baadaye kijana anaitwa kwenye usaili. Ujumbe umo sandukuni, lakini nywila anayo mtu mwingine, ambaye pengine ameshahama au hamkumbuki tena. Hapo tumerudi kwenye sanduku la mwenye duka, na safari hii hakuna hata paredi ya kusomewa jina.

Kwa sababu hiyo namsihi kila mwombaji: nywila itunge wewe, uiandike mahali pa siri nyumbani, na namba ya kurejeshea akaunti iwe yako au ya ndugu unayemwamini. Laini ya simu iliyolala muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine. Sanduku nalo lifunguliwe mara kwa mara, hata msimu usio wa ajira. Tangu Desemba 2023, Google inaweza kuifuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili. Zamani sanduku lilipotea kwa kutolipiwa ada. Siku hizi hupotea kwa kusahauliwa.

Kwa watumishi wa umma nina maneno mawili. La kwanza: Serikali imewataka mtumie anwani zinazoishia na go.tz katika mawasiliano ya kiofisi, na agizo hilo ni la haki, kwa kuwa barua za ofisi ni mali ya ofisi. Kwa mantiki hiyohiyo, mtumishi asiitumie anwani ya ofisi kwa mambo yake binafsi, maana siku atakapohama atayaacha nyuma yake. La pili: anwani ya barua pepe haimo katika sifa za mwombaji zinazotangazwa, kwa hiyo isitumiwe kumwengua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu Chicago na Boston ulionesha kwamba maombi yenye majina yaliyodhaniwa kuwa ya Wazungu yaliitikiwa kwa asilimia 50 zaidi ya maombi kama hayo yenye majina yaliyodhaniwa kuwa ya Wamarekani Weusi. Hata jina halisi, lililoandikwa kwa adabu zote, huweza kuhukumiwa. Kinga ya mwombaji ni vigezo vilivyotangazwa, na afisa anayevifuata.

Mwaka 2022, kuelekea Sensa ya tarehe 23 Agosti, Operesheni ya Anwani za Makazi ilizipa nyumba zetu namba na barabara zetu majina. Taifa lilikubali hapo kwamba kila mwananchi anastahili kupatikana bila kupitia kwa mtu mwingine. Kazi hiyo haijakamilika iwapo kijana anamaliza shule akiwa na nyumba yenye namba, lakini bila sanduku la barua analolimiliki. Wanaharakati wanaodai ajira za vijana wangefanya vema kudai na hili, dogo na la gharama nafuu: kila mhitimu wa kidato cha nne, wa Mahongole na wa kwingineko, afundishwe kujifungulia anwani kwa majina yaliyo kwenye cheti chake, na aondoke shuleni akiijua nywila yeye peke yake.