Kinanda cha Melody na Masikio ya Unguja

Miaka ya mwanzo ya 1990, kaseti za kundi la East African Melody zilipoanza kusikika katika daladala na harusi za Unguja, wapenzi wa taarab waligawanyika. Vijana na akina mama wengi wa mitaa ya Ng'ambo walizipokea kwa vifijo na vigelegele. Waliozoea fidla, udi na kanuni walizikataa: hii si taarab, walisema, hii ni rusha roho, na jina hilo likaganda hata kwa wapenzi wenyewe. Malalamiko yalikuwa matatu. Kinanda cha umeme kimemeza kikosi kizima cha wapigaji, mashairi yamevuliwa mafumbo, na watu wamesimama kucheza mahali ambapo ustaarabu ulitaka mtu akae asikilize. Tangu hapo ugomvi huu umekuwa ukielezwa kana kwamba ni ugomvi wa ala, nyuzi upande huu na umeme upande ule. Historia ya kisiwa inaonesha vingine. Ala ngeni zimeingia Unguja mara nyingi zikapewa kiti na kahawa. Kelele zimezuka pale sauti mpya ilipokuja na watu ambao haikutarajiwa washike kipaza sauti. Ala hubebeshwa lawama kwa sababu ni rahisi kuilaumu ala kuliko kumlaumu shangazi wa mtu.

Tuanze na hicho kinachoitwa asilia. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, na simulizi inayokubalika na wengi inasema alimpeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza kanuni. Mwaka 1905 vijana wa Mji Mkongwe waliunda Ikhwani Safaa, klabu iliyo hai hadi leo, wakiimba kwa Kiarabu nyimbo zilizotoka ng'ambo ya bahari. Kwa mtu wa Makunduchi au Donge wa enzi ile, kanuni ilikuwa kitu kigeni kama kinanda cha umeme kilivyokuwa kwa mjukuu wake. Lakini iliingia kwa mlango wa kasri, ikapigwa na waungwana mbele ya waungwana. Ikapata heshima kabla haijapata mizizi.

Siti binti Saad aliingia kwa mlango mwingine. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba ya ufinyanzi, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini, na ukoo wake ulikuwa na historia ya utumwa. Ala za kundi lake hazikuwa na jambo la kushtua: udi, fidla, na ngoma ndogo, mikononi mwa akina Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi na Budda bin Mwendo. Kilichoshtua ni kwamba mwanamke wa shamba aliimba taarab kwa Kiswahili, na aliyoyaimba yalikuwa mambo ya mahakamani, ya mtaani na ya vyumbani. Mahasidi walimsimanga kwa sura yake na kwa asili yake. Sauti yenyewe hawakuiweza. Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya Gramophone, na mwaka huohuo wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Sidai kwamba nyimbo zilizaa mgomo. Nasema tu kwamba masikio yaliyozinunua sahani zile na midomo iliyokataa kodi vilikuwa vya watu walewale, na kwamba mkubwa yeyote wa mjini aliyezisikia sahani hizo zikilia barazani alijua kuwa waliokuwa wakiimbwa sasa wanaimba wenyewe.

Baada ya hapo ziliingia ala nyingi, na hapa ndipo hoja yangu inapopata nguvu zake. Akodioni ilikuja kutoka Ulaya, bezi na cello zikafuata, na kufikia miaka ya 1950 klabu za mjini zilikuwa zikijipanga kwa mfano wa okestra kubwa za Cairo, zile za filamu na redio, za Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab. Nyumba za sinema zilileta midundo ya Bombay. Ukikaa leo kumsikiliza mtetezi wa taarab asilia, atakutajia akodioni miongoni mwa ala za asili, na hatoona ajabu yoyote. Mapinduzi ya 1964 nayo yalibadili mengi kuliko kinanda chochote: klabu ziliwekwa chini ya jicho la chama na serikali, na Shime Kuokoana, kundi lililoanzishwa 1958 katika mazingira ya chama cha Afro-Shirazi, likakua na kuwa Culture Musical Club, mpinzani mkuu wa Ikhwani Safaa hadi leo. Mada zikawa za ujenzi wa taifa, wanawake na wanaume wakaketi katika kikosi kimoja jukwaani. Mabadiliko hayo yalishuka kutoka juu, na yashukayo kutoka juu huzoeleka upesi kuliko yapandayo kutoka chini.

Atakayebisha atasema kuwa mpasho ni kitu kingine kabisa, kwamba taarab ya zamani ilificha maana kwa adabu na hii ya Melody inamtaja mtu hadharani na kumvua nguo. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Fumbo lilikuwepo, na lilikuwa na ufundi mkubwa. Msikilizaji alitunza pesa kwenye ubeti uliomgusa, na jirani yake akabaki akijiuliza ubeti ule umemlenga nani. Lakini Siti huyohuyo aliimba wimbo wa Kijiti, kisa cha mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka bara, na humo jina la muuaji linatajwa wazi, pamoja na dhuluma ya mashahidi kugeuzwa wafungwa ilhali muuaji ametoroka. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 klabu za wanawake kama Sahib el-Ari na Royal Air Force (majina ya vita yalipendeza sana wakati ule, na yaliwafaa) zilikuwa zikirushiana maneno makali katika mashindano ya kuimba. Mpasho ulikuwa umeishi miongo mitano uani kabla ya Melody kuupandisha jukwaani. Khadija Kopa, aliyepitia Culture kabla ya kuvuka kwenda Dar es Salaam na kushindana na Nasma Khamis wa kundi la Muungano, hakubuni ukali. Aliutoa mahali ulipokuwa na kuuweka mbele ya wanaume waliolipa kiingilio. Hapo ndipo wengine walipogundua kuwa wamekasirika.

Watu wa dini nao walikuwa na lao, na wana haki ya kulisema. Lakini pingamizi hilo halisaidii upande wowote katika ugomvi huu, maana anayekataza kinanda kwa hoja ya dini hukataza fidla vilevile. Mzee Yusuf, mtoto wa Unguja aliyeasisi Jahazi Modern Taarab, alipotangaza mwaka 2016 kuacha muziki kwa ajili ya dini, hakuahidi kurudi kwenye kanuni.

Pingamizi lenye uzito zaidi kuliko yote ni la riziki, nami silipunguzi. Okestra ya taarab inaweza kuwa na watu ishirini na zaidi, kila mmoja akiwa amefunzwa kwa miaka. Mpiga kinanda mmoja, gitaa, bezi na waimbaji wachache wanatosha kwa harusi, wanapakiwa katika gari moja na kulipwa kidogo. Mpiga kanuni hakuwa na namna ya kushindana na hesabu hiyo, na sauti ya nyuzi nyingi zikipanda pamoja ni hasara ya kweli pale inapopotea. Kinanda kinaiga fidla kwa namna inayoumiza meno. Ila anayetaka kuitetea kazi ya mpiga fidla hana budi kuitetea kama kazi, kwa malipo, shule na majukwaa. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa na kikaweka makao katika Nyumba ya Forodha ya zamani kule Mizingani, na kikafanya hasa hivyo: kikawalipa wazee kuwafundisha watoto udi, kanuni na nadharia. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Ngome Kongwe mwaka 2004, likashikilia sharti la muziki kupigwa moja kwa moja. Chuo hicho na tamasha hilo vimeiokoa fidla kuliko magazeti yote yaliyoilaani rusha roho.

Katika chuo hicho ndiko walikotoka wanawake wa kundi la Siti and the Band, na albamu yao Fusing the Roots ya 2018 ndiyo kipimo kizuri zaidi cha hoja hii. Humo udi na fidla zimeketi pamoja na bezi ya umeme na ngoma za Kimagharibi, taarab imechanganywa na rege, fanki na jazi, na wanawake wanaimba waziwazi juu ya yanayowapata wanawake. Ukihesabu ala ngeni, wamekwenda mbali kuliko Melody. Hata hivyo wameitwa warithi wa Siti, wakapewa jukwaa la Ngome Kongwe. Hata Bi Kidude, aliyeimba peku na sigara mkononi, ambaye klabu za mjini hazikumpa kiti cha mbele kwa miaka mingi, aligeuka fahari ya kisiwa baada ya ulimwengu kumpa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Melody hawakuwa na cheti wala tamasha, na hadhira yao haikuwa watalii. Walikuwa na harusi za Kwahani na Mikunguni, na wanawake waliosimama kutunza kila ubeti ulipofika pale ulipokusudiwa. Na wanawake hao, Ijumaa kwa Ijumaa, bado wanakodi kinanda.