Goma: juu ya nini muji wa pembeni ya ziwa unakosa maji

Ziwa Kivu liko mlangoni mwa Goma. Hata hivyo, kila asubuhi wamama na watoto wanapanga bidoni za njano mbele ya robine ya umma, na wengine wanashuka kuvoma ziwani. Maji ni mengi. Shida ni kuyapandisha yakiwa safi.

Maji yanatoka wapi?

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano Nyiragongo. Mvua ikinyesha, maji yanapenya ndani ya mawe hayo; njo maana hakuna mto unaopita katikati ya muji. REGIDESO inavuta maji ya ziwa kwa pampu, inayatia kloro na kuyapandisha kwenye matangi ya juu. Toka hapo yanashuka kwa bomba mpaka kwenye kartie. Pampu bila umeme hazitembei. Kitu kimoja kikiharibika, robine zinakauka.

Mara mbili wakaaji waliona hivyo

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Lava ilifika kaskazini mwa muji, ikaharibu tangi kubwa na bomba. Watu karibu nusu milioni walibaki bila maji. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR) na REGIDESO walishirikiana kutengeneza njia ingine ya bomba.

Mwisho wa Januari 2025, vita viliingia Goma. Umeme ulikatika, pampu zikasimama, watu wakarudi ziwani na bidoni zao.

Kolera haingoji

Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia Goma na kando yake kwa siku chache tu. Karibu 50 000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yalikuwa moja ya sababu.

Toka hapo, kila maji yanapokatika, vituo vya kloro vinawekwa pembeni ya ziwa. Mtu wa kituo anapima kloro kwa sindano na kuitia katika bidoni. Ni kazi ndogo, lakini inaokoa maisha.

Njia ya pili

Fundisho la Goma ni hili: muji usitegemee njia moja. CICR na REGIDESO wana mradi wa maji kwa Goma Magharibi, ili kartie za upande huo zipate pampu, matangi na bomba za kudumu.

Wengi wanavuna mvua kwa mabati. Inasaidia kufua na kuosha, lakini moshi wa volkano unaweza kutia asidi na fluori katika maji hayo, zaidi upande wa magharibi ambako upepo unausukuma mara nyingi. Kuchemsha hakuondoi fluori.

Na ziwa lenyewe ni la nchi mbili. Uchafu unaotupwa Goma au Gisenyi unaingia katika maji yale yale.

Ukivoma ziwani

Pita kwenye kituo cha kloro kama kiko karibu. Ngoja dakika 30 mbele ya kunywa. Kama hakuna kloro, chemsha maji mpaka yatokote. Funika bidoni, na uioshe ndani kila mara. Mtu akianza kuhara maji maji, mpeleke haraka kwenye kituo cha afya.